Mafuta ya Mbarika Kwenye Breki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu wa Molo haujaondoka juu ya mashamba ya pareto, Kahiga alifungua banda na kulisukuma gari lake nje. Lilikuwa gari dogo jeusi, kuukuu, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, lakini jinsi alivyolitunza ungedhani ni la mfalme. Kahiga alikuwa na duka la viazi na mbegu karibu na stesheni. Magari alijifunza jeshini wakati wa vita vikuu. Upande ule wa Molo hakukuwa na Mwafrika mwingine mwenye gari, kwa hiyo gari la Kahiga lilikuwa la kila mtu. Lilipeleka wagonjwa hospitalini na maharusi kanisani, na siku moja lilimbeba kondoo dume aliyekataa katakata kutembea.

Kazi ya Jumamosi ilitaka watu wawili, na mtu wa pili alikuwa Nyakio, binti yake wa miaka kumi na miwili. Nyakio alikuwa mtoto mwema, ila hakujua kutulia. Shuleni alimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni, na mara nyingi aliikosa kwa sababu hiyo hiyo. Mama yake, Rahab, alisema mtoto huyu alizaliwa akiwa tayari ana safari.

Jumamosi hii ya mwaka wa 1951 alikuwa na sababu hasa ya kutotulia. Jumatatu yeye na rafiki yake Chemutai wangekwenda Nakuru kufanya mahojiano katika shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu wao alikuwa amewachagua wao wawili tu katika shule nzima. Mahojiano yalikuwa ya siku moja, na asiyefika siku hiyo ndiyo basi. Nyakio alikuwa ameota kuhusu shule hiyo mpaka akawa anaijua kana kwamba alishawahi kulala humo.

"Leo hatujazi mafuta ya breki," Kahiga alisema, akitandika gunia chini ya gari. "Leo tunayabadilisha yote. Mvua ziko karibu, na yule mzee wa Sachangwan hataki mchezo." Mzee wa Sachangwan lilikuwa jina alilolipa mteremko mrefu wa barabara ya kwenda Nakuru.

"Lakini Baba, si bado yamo?"

"Yamo, lakini yamekunywa maji."

Nyakio alicheka. "Yamekunywa vipi, na hakuna aliyeyamwagia?"

"Hewani. Huoni ukungu huu? Mafuta ya breki yanavuta unyevu polepole, kama chumvi isiyofunikwa. Sasa sikiliza vizuri. Unapoteremka mlima, breki zinapata moto. Mafuta mazuri yanavumilia moto huo, lakini maji yanachemka na kuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana ukikanyaga, nguvu ya mguu inafika gurudumuni. Mvuke unabonyea. Unakanyaga, mguu unakwenda mpaka sakafuni, na gari linaendelea na mambo yake."

Alifungua kopo jipya alilonunua Nakuru. Nyakio aliinama akanusa. "Yananuka kama kibuyu cha Cucu!"

Cucu ni nyanya yake, Wamaitha, mama yake Kahiga, ambaye bado alipaka miguu mafuta ya mbarika aliyoyapika mwenyewe, watu wacheke wasicheke.

"Pua unayo," Kahiga alisema. "Ndani yake mna mbarika. Watu wa kiwandani huyasafisha na kuyachanganya na vitu vingine vyao."

Wakaanza kazi. Nyakio aliketi kwenye kiti cha dereva, na Kahiga akalala chini karibu na gurudumu la nyuma akiwa na spana, mpira mwembamba na chupa. "Kanyaga!" alisema, na Nyakio akakanyaga breki. "Shikilia!" Hapo Kahiga alilegeza nati ndogo, na mafuta ya zamani, meusi kama chai ya rangi, yakatiririka chupani. Akaikaza tena nati. "Achia!" Ukiachia kabla ya kuambiwa, hewa inaingia, na kazi inarudi mwanzo. Kila baada ya muda Kahiga aliinuka, akainua zulia karibu na miguu ya Nyakio, na kuongeza mafuta mapya kwenye tundu lililokuwa sakafuni.

Walipokuwa wamemaliza gurudumu la kwanza, mtu alikuja mbio kutoka stesheni: mabehewa ya viazi yalikuwa yanapakiwa, na Kahiga anatakiwa sasa hivi.

"Narudi," Kahiga alisema. "Funika hilo kopo, kisha usiguse kitu."

Nyakio alikuwa amenyoosha mkono kuchukua kifuniko pale Chemutai alipopita barabarani. "Nyakio! Gauni langu limekwisha kushonwa! Lina mifuko miwili!"

Gauni lenye mifuko miwili! Nyakio aliruka nje ya gari, na kisigino chake kikalipiga kopo. Likabingirika likaanguka chini. Alipoliokota, karibu mafuta yote yalikuwa yamenywewa na udongo. Kilichobaki kilifunika kitako tu.

Chemutai alikuwa ameshapita. Nyakio alibaki peke yake na kopo mkononi. Molo yote haikuwa na duka lililouza mafuta yale. Kesho yake ni Jumapili. Akisema, Baba hatabishana wala hatapiga kelele. Atasema maneno mawili tu, "Hatuendi Nakuru," na yatakuwa yamekwisha.

Ndipo alipokumbuka kibuyu cha Cucu. Mbarika ni mbarika, alijiambia. Alikimbia mpaka kwa nyanya yake. Cucu alikuwa shambani, na kibuyu kilikuwa pembeni mwa meko, kimejaa. Nyakio alichuja mafuta kwa kitambaa safi, akajaza kopo mpaka pale mafuta yalipokuwa yamefika, akalitikisa, akalifunika. Udongo uliolowa aliufukia kwa majivu. Baba aliporudi, alimkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, ametulia. Kama Kahiga angemwangalia vizuri siku hiyo, angeshtuka kwa jambo hilo tu.

Waliendelea na magurudumu yaliyobaki. "Mafuta ya leo mazito," Kahiga alisema kutoka chini ya gari. "Hii baridi ya Molo itatumaliza." Mwishowe alikanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe, ikakaza kama jiwe, akatabasamu.

"Baba," Nyakio alianza.

"Naam?"

"Hakuna kitu."

Usiku alilala kwa vipande vipande. Jumapili kanisani mhubiri alizungumza juu ya mtu aliyejenga nyumba mchangani, na Nyakio aliona kama anamtazama yeye, ingawa mhubiri mwenyewe alikuwa na makengeza na hakuna aliyejua anamtazama nani. Mara kumi alijiambia kwamba breki zilikaza, Baba mwenyewe alizijaribu. Mara kumi hakuamini.

Jumatatu waliondoka asubuhi na mapema. Cucu aliketi mbele karibu na Kahiga. Alisema anawasindikiza wasichana, ingawa kila mtu alijua anakwenda kununua ugoro wa Nakuru. Nyakio na Chemutai walikaa nyuma, wamevaa nguo zao nzuri na wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa.

"Niulize," Chemutai alisema. "Niulize kama vile wewe ndiye mwalimu mkuu."

"Unaitwa nani?" Nyakio aliuliza, macho yake kwenye mguu wa baba yake.

"Naitwa Chemutai, binti wa Kimaiyo. Nataka kuwa nesi. Mama yangu alimpoteza mtoto kwa sababu hospitali iko mbali. Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri."

"Mbona hunitazami?"

Kahiga alikuwa anasikiliza gari lake kwa kichwa kilichoinama. "Leo zito," alisema. "Kama vile kuna mtu anatushika nyuma. Nikiachia breki haziachii upesi." Baadaye kidogo Nyakio alisikia harufu ya kitu kinachoungua, hafifu, ikitoka upande wa magurudumu. Alijikunja na kujikunjua. Alifungua dirisha akalifunga. Chemutai alimwambia akae vizuri, anamkunjia gauni.

Cucu naye alikuwa na la kwake. "Lo, nimesahau kumwambia Rahab arudishe motoni mafuta ya kile kibuyu changu."

"Kibuyu gani, Mama?" Kahiga aliuliza.

"Cha mbarika. Nilitwanga mbegu nikazichemsha kwa maji, nikaengua mafuta, lakini sijayakausha. Bado yana maji. Mtu akiyatia kwenye chungu cha moto sasa hivi, yataruka kama panzi."

Nyakio aliacha kuchezea dirisha. Bado yana maji. Na moto ulikuwepo, alikuwa anaunusa. Na mbele, pale msitu ulipoishia, barabara ilikuwa inakunja kona, na baada ya kona hiyo ulianza mteremko wa Sachangwan.

Alimtazama Chemutai, ambaye midomo yake ilikuwa bado inacheza, ikirudia majibu. Akisema sasa, gari litasimama hapa hapa porini. Nakuru haitafikika. Chemutai naye atakosa, na hakufanya kosa lolote. Asiposema, labda hakuna kitakachotokea. Maji yenyewe ni kidogo. Labda. Nyakio aliishika ile labda kwa mikono miwili, na gari likakunja kona, na bonde lote la Ufa likafunguka mbele yao mpaka mlima Menengai, zuri na lenye kina cha kutisha.

Gari lilianza kushika kasi. Kahiga aligusa breki.

"Baba, simama!" Sauti ilimtoka Nyakio kabla hajaipa ruhusa. "Breki zina mafuta ya Cucu! Nilimwaga kopo nikalijaza mbarika ya kibuyuni! Yana maji, Baba, yana maji!"

Chemutai aligeuka akiwa mdomo wazi. Kahiga hakugeuka. "Kiasi gani?"

"Karibu kopo zima."

Alikanyaga breki tena. Mguu ulizama nusu. Akakanyaga mara ya pili, na mguu ukafika sakafuni kama mtu anayekanyaga matope. "Shikeni viti," alisema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuuza viazi.

Hakuendelea kuibembeleza breki ambayo alishajua haipo. Alivuta gia kwa nguvu, chuma kikalia, gari likapiga kelele na kuinamisha pua. Kasi ilipungua kidogo. Akavuta gia nyingine ya chini, na pale pale akaivuta polepole breki ya mkono, ambayo haikutumia mafuta bali waya. Chini, kwenye kona iliyofuata, mkokoteni wa kuni uliokokotwa na ng'ombe ulikuwa umejaza barabara. Kahiga aliusogeza usukani kushoto, magurudumu yakaingia kwenye mtaro, ubavu wa gari ukakwaruza ukingo wa udongo mwekundu, ukakwaruza na kukwaruza, mpaka gari likachoka likasimama.

Moshi mwembamba ulipanda kutoka magurudumuni.

"Tumefika Nakuru?" Cucu aliuliza. Alikuwa amefumba macho.

"Bado, Mama," Kahiga alisema. Alikaa kidogo mikono yake ikiwa bado kwenye usukani, na Nyakio akaona kwamba inatetemeka. Hakuwahi kuiona mikono ya baba yake ikitetemeka, na jambo hilo lilimuumiza kuliko fimbo yoyote. Alilia, na Chemutai akalia kwa upande wake, kila mmoja akilia yake.

Kahiga alishuka, akaweka mawe chini ya magurudumu, kisha akafungua mlango wa nyuma. "Nyakio, shuka." Nyakio alishuka. Alingoja kofi. Halikuja.

"Ulijua lini kwamba yana maji?"

"Cucu aliposema. Kabla ya kona."

"Na ukangoja mpaka baada ya kona."

"Ndiyo, Baba."

"Ungengoja mpaka kona ya pili, ningekuwa bado nakanyaga breki na kuisubiri inishikie, na ule mkokoteni tungeupata." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini ulisema. Hilo pia nimelisikia."

Muda si mrefu lori la mbao lilitokea juu, likiteremka kwa gia nzito. Dereva wake, Kiprugut, alikuwa anafahamiana na Kahiga. Alisimama akacheka alipoliona gari limelalia ukingo, kisha akaziona nyuso zao akaacha kucheka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mungu ni mwema. Breki. Kiprugut, nisaidie. Watoto hawa wana mahojiano Nakuru asubuhi hii."

Kiprugut alitazama ndani ya lori lake. Karibu naye palikuwa na nafasi ya watu wawili, tena waliobanana. "Wengine wapande juu ya mbao?"

"Mtoto hapandi juu ya mbao kwenye mteremko huu," Kahiga alisema. "Wawili, basi. Na mmoja lazima awe mtu mzima wa kusema nao pale shuleni."

Kwa hiyo ilikuwa Cucu na msichana mmoja. Kahiga hakusema ni yupi. Alijishughulisha na kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nyakio aliitazama barabara inayoteremka kwenda Nakuru, na roho ilimvuta huko hata akahisi miguu yake inataka kutangulia. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi na mama yake kabla ya alfajiri.

"Aende Chemutai," alisema. Akamsukuma rafiki yake kuelekea lorini. "Chemutai aende. Mimi nitabaki nikanyage breki. Kazi ile inataka watu wawili."

Chemutai alimkumbatia. "Nitawaambia unaumwa," alimnong'oneza. "Nitasema una homa kali, na wiki ijayo watakuita."

Cucu, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko alivyowafanya watu waamini, aligeuka mlangoni mwa lori. "Utasema nini?"

"Hakuna kitu, Cucu."

"Vema. Panda."

Kahiga alimpa Kiprugut maagizo: alete kopo jipya la mafuta ya breki, lililofungwa, na akipewa lililofunguliwa alirudishe. Lori likaondoka na vumbi lake.

Kungoja kulikuwa adhabu tosha kwa mtoto kama Nyakio. Walingoja magurudumu yapoe. Kisha Kahiga akatoa mafuta yote mabovu, Nyakio akikanyaga na baba yake akiita kutoka chini, mpaka hakikutoka kitu ila hewa na povu. Kahiga alimwonyesha chupa. Mafuta yalikuwa na ukungu ndani, na chini kabisa tone kubwa la maji lilikuwa limejitenga.

"Tone hili tu?" Nyakio aliuliza.

"Ni dogo. Likiwa mvuke, linajaza bomba zima."

"Na Cucu anaweza kuyakausha, halafu yakafaa?"

"Hapana. Hata yakikaushwa ni mazito kwa baridi yetu. Ndiyo maana breki hazikuachia, zikasuguana, zikapata moto hata kabla ya mteremko. Tuna bahati kwamba mbarika hauharibu mipira ya ndani. Ungetia mafuta ya injini au mafuta ya taa, mipira yote ingevimba, na leo tungelifungua gari zima."

Nyakio alitembea kutoka gari mpaka ukingoni na kurudi, mara nyingi asizohesabu. Wenye baiskeli walipita, wanawake wenye mizigo ya kabichi walipita, na kila mmoja aliuliza kilichotokea. Kahiga aliwajibu kwamba breki ziliisha. Hakumtaja mtoto wake hata mara moja.

Jua lilikuwa limeshageuka pale lori lilipopanda tena, likikohoa. Chemutai aliruka chini kabla halijasimama vizuri, na uso wake ulieleza kila kitu. Amepata. Nyakio alimshika mikono akamzungusha, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha akamgeukia Cucu, kwa sababu hakuweza kuuliza.

"Nilimwona mwalimu mkuu wao," Cucu alisema, akishuka taratibu. "Mwanamke mwembamba, anaongea Kiswahili kama anatafuna mawe, lakini ana masikio. Aliuliza mtoto wa pili yuko wapi. Huyu rafiki yako alinitazama. Nikamwona tayari ana homa yako mdomoni."

Chemutai alitazama chini.

"Nikasema mimi. Nikasema mtoto alimwaga mafuta akajaza uongo, na uongo huo ukaondoa breki, na mwisho akasema kweli tukapona, kisha akampa mwenzake kiti chake. Nilisema yote. Mafuta ya kuchanganya yalikuwa yametutosha."

"Akasema nini, Cucu?"

"Nafasi zimejaa. Mwaka huu hakuna." Cucu alimshika kidevu. "Akasema uende mwaka ujao, na atakuuliza yeye mwenyewe. Jina lako ameniambia nilitamke mara mbili."

Mwaka mzima! Nyakio alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipokwisha kulia, Kahiga alimpa leso, akampa na kopo jipya alifungue, kwa sababu jua halikuwa linawasubiri.

Safari hii alimimina mafuta kwenye tundu yeye mwenyewe, baba yake akiangalia. Kisha wakaanza tena, gurudumu moja baada ya jingine. Kanyaga, shikilia, achia. Mguu wa Nyakio ulikuwa umekufa ganzi kwa kazi ya kutwa. Kwenye gurudumu la mwisho kabisa, wakati Kiprugut, aliyewangoja waondoke pamoja, alikuwa ameshapiga honi mara mbili kuonyesha kwamba ana nyumba na mke, goti lilimtetemeka, na pedali ikapanda kidogo chini ya mguu wake. Kidogo sana. Baba alikuwa bado hajaita.

"Safi," Kahiga alisema kutoka chini, akikaza nati. "Tumemaliza."

"Bado, Baba," Nyakio alisema. "Niliachia mapema. Nafikiri hewa imeingia."

Kahiga alitoka chini ya gari. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye nywele na amechoka mpaka kwenye macho. Kiprugut aliondoa mkono kwenye honi.

"Njoo hapa," Kahiga alisema, na Nyakio akashuka akasimama mbele yake. "Sikiliza, binti yangu, na wewe pia, Chemutai. Jumamosi ulimwaga mafuta. Hilo halikuwa kosa la kuvunja nyumba. Mkono huteleza, mguu huteleza, hata mimi nimemwaga makopo mengi kuliko unavyojua. Kosa lilikuwa kulijaza lile kopo ili lionekane zima. Kitu kilichomwagika kinaonekana, mtu atakiepuka au atakitengeneza. Kitu kibovu kilichofanywa kionekane kizuri, mtu anampakia mama yake ndani yake na kuteremka nacho mlima. Wakubwa walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu leo ilikuwa fupi kiasi kile," na alionyesha kwa kidole mahali ambapo mkokoteni ulikuwa umesimama.

"Nimesikia, Baba."

"Na sasa hivi umechoka, sote tumechoka, na umesema. Mtu wa namna hiyo naweza kuteremka naye mlima wowote."

Akachukua spana, akalala tena kwenye gunia, na kujisogeza chini ya gari karibu na gurudumu la mwisho. Kiprugut alizima injini ya lori lake akashuka kuja kushika chupa. Nyakio alirudi kwenye kiti, akaweka mguu wake juu ya breki, akangoja kuambiwa.